Aniceti Kitereza: Mwandishi wa Ukerewe Aliyeandika Maisha ya Wahenga kama Yalivyokuwa

MUNANILA, KIGOMA – Miongoni mwa kazi kubwa za fasihi zilizowahi kuandikwa na Mtanzania, ipo moja iliyokamilika mwaka 1945 lakini ikachapishwa mwaka 1980. Kwa miaka 35 mswada wake ulihifadhiwa, ukasafirishwa, ukasifiwa na kukataliwa, huku mwenyewe akizeeka. Mwandishi huyo ni marehemu Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, na kazi yake ni riwaya ya juzuu mbili inayofahamika kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Historia ya maisha yake ina uzito wa pekee kwa wakazi wa Munanila na vijiji vingine vya nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu na Buhigwe hadi Kibondo na Kakonko. Kitereza aliandika kwa Kikerewe, lugha ya jamii ndogo, juu ya mambo ambayo watu wa wakati wake waliyaona kuwa ya kawaida mno kiasi cha kutostahili kuandikwa. Waha nao wana lugha yao, mila zao na wazee wanaozikumbuka, na sehemu kubwa ya hazina hiyo bado imo vichwani mwa watu. Yaliyompata Kitereza yanaonesha thamani ya kuiandika hazina ya namna hiyo, na pia gharama ya kuchelewa kuichapisha.

Kuzaliwa na malezi

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, wakati utawala wa Wajerumani ulipokuwa ukijiimarisha katika maeneo yanayozunguka ziwa. Alitoka katika ukoo wa Wasilanga, ukoo wa watawala wa Ukerewe ambao cheo chao kiliitwa Omukama. Baba yake alifariki dunia Kitereza akiwa bado mtoto mdogo, naye akalelewa karibu na nyumba ya mtawala. Malezi hayo yalimpa nafasi ambayo watoto wengi hawakuipata, yaani kukaa jirani na wazee waliokuwa wakiamua mashauri, kusimulia nasaba, kufafanua methali na kueleza chimbuko la kila desturi.

Wakati huohuo, dunia mpya ilikuwa imekwisha kuingia kisiwani. Wamisionari wa Kanisa Katoliki wa Shirika la Mapadri Weupe walikuwa wamefungua kituo Kagunguli, na huko ndiko Kitereza alikojifunza kusoma na kuandika. Baadaye alipelekwa seminari ya Rubya, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Kagera, akakaa huko kwa takriban miaka kumi. Alisoma Kilatini na Kijerumani, akaongeza Kiswahili na baadaye Kiingereza. Hakufikia daraja la upadri, lakini alirudi nyumbani akiwa na elimu ambayo ni Waafrika wachache sana wa kizazi chake waliokuwa nayo.

Kwa hiyo Kitereza alisimama kati ya dunia mbili. Aliwafahamu wahenga kwa kuwasikiliza wao wenyewe, na aliifahamu kalamu kwa kufundishwa darasani. Wengi waliokuwa na ujuzi wa kwanza hawakuwa na wa pili, na wengi waliopata wa pili waliona haya kuutaja wa kwanza.

Ndoa na majonzi

Mwaka 1919 Kitereza alifunga ndoa na Anna Katura. Ndoa hiyo ilidumu miaka mingi, lakini haikuacha watoto, kwani wale waliozaliwa hawakuishi. Katika jamii iliyohesabu uzao kuwa ndio nguzo ya nyumba, hilo lilikuwa pigo zito. Kwa desturi ya mahali pale, mwanamume aliyekosa watoto alitarajiwa kuoa mke mwingine, na ndugu wa mume hawakukaa kimya juu ya jambo kama hilo. Kitereza hakuoa mke wa pili. Alibaki na Anna.

Jambo hili la maisha yake binafsi linastahili kukumbukwa na kila anayesoma riwaya yake, kwa kuwa kiini cha riwaya hiyo ni mume na mke wanaopendana wasiojaliwa mtoto. Kitereza hakuandika habari zake mwenyewe. Aliwaweka wahusika wake katika zama zilizotangulia ujio wa Wazungu na kuwapa maisha yao. Hata hivyo, uchungu aliousimulia haukuwa wa kuhadithiwa na wengine.

Kazi ya kuandika

Katika maisha yake ya utu uzima Kitereza alifanya kazi za ukarani, mafundisho ya dini na tafsiri, na kwa miaka mingi aliishi Kagunguli akishirikiana na misheni. Aidha, alikusanya methali, hadithi na historia ya Wakerewe, akashughulikia pia sarufi na msamiati wa lugha yao. Padri mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, alimtia moyo kuyaandika mambo hayo ili yasipotee, na aliyapenda maandishi yake.

Kitereza aliona kwamba orodha ya mila haitoshi. Mtu anaweza kuambiwa kuwa zamani mkwe aliheshimiwa kwa namna fulani, asielewe maana yake. Akimwona mkwe huyo akiingia uani na kusalimiana, akikaa mahali panapompasa, akijibu maswali ya mama mkwe na kuondoka na deni la faini, ataelewa. Kwa sababu hiyo Kitereza alichagua njia ya riwaya, na mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 49, akaikamilisha kwa Kikerewe.

Lengo lake lilikuwa wazi: vijana wa Ukerewe wajue namna babu na bibi zao walivyoishi, na lugha ya Kikerewe ibaki na maneno yake ambayo tayari yalikuwa yameanza kutoweka pamoja na vitu vilivyotajwa na maneno hayo.

Uhalisia usioficha wala kupamba

Riwaya inaanza na ndoa ya Myombekere na Bugonoka. Hawana mtoto aliye hai, na maneno ya ndugu wa mume yanazidi kuwa makali. Wazazi wa Bugonoka, wakiona binti yao anadharauliwa, wanamchukua na kumrudisha nyumbani. Myombekere hakubali kumpoteza mkewe. Anakwenda kwa wakwe kuomba radhi, naye anatozwa faini ya mitungi sita ya pombe ya ndizi. Sehemu kubwa ya juzuu ya kwanza inaeleza namna faini hiyo inavyotafutwa, inavyotengenezwa na kufikishwa, hadi mke anaporudi. Baadaye wanandoa hao wanapata tiba kwa mganga, na kwa muda mrefu wa subira na masharti wanajaliwa mwana wa kiume, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Majina yote mawili yanabeba kumbukumbu ya kifo na majonzi, kama ilivyo desturi ya jamii nyingi za maziwa makuu kumpa mtoto jina linalotaja yaliyowapata wazazi wake.

Katika simulizi hiyo, kila shughuli imepewa nafasi yake. Msomaji anafuata hatua za kutengeneza pombe, tangu ndizi kuivishwa hadi kukamuliwa na kuachwa ichachuke. Anaona namna shamba linavyolimwa, samaki wanavyovuliwa, wageni wanavyopokewa, mgonjwa anavyouguzwa, mtoto anavyozaliwa na maiti anavyozikwa. Salamu hazifupishwi. Mazungumzo ya watu yanakwenda kwa mwendo wa watu wenye muda wa kusikilizana.

Wapo wahakiki walioona kuwa wingi wa maelezo hayo unaisogeza kazi karibu na kitabu cha mila kuliko riwaya. Hoja hiyo ina msingi, kwani yapo mahali ambapo tukio linasubiri hadi maelezo yaishe. Hata hivyo, mtu akiondoa hatua za kutengeneza pombe ile, hawezi tena kupima uzito wa mapenzi ya Myombekere. Mitungi sita ni neno jepesi kulitamka. Ni baada ya kuona siku zilizotumika, jirani walioombwa msaada na jasho lililomwagika ndipo msomaji anapotambua kuwa mume huyu analipa kwa mikono yake kwa ajili ya mwanamke ambaye ukoo mzima umemwambia amwache.

Jambo jingine linaloipa kazi hiyo nguvu ni kwamba Kitereza hakuwafanya wahenga kuwa malaika. Kijiji chake kina wasengenyaji, wenye wivu, walevi na wanaume wanaowaonea wake zao. Utasa unawekwa kwanza begani mwa mwanamke, na mwandishi anaonesha dhuluma hiyo bila kuhubiri. Vilevile, ingawa alikuwa Mkatoliki aliyelelewa na misheni, hakuitumia riwaya kulaani uganga, ndoa za wake wengi au matambiko. Aliyaeleza jinsi wenyeji walivyoyaelewa, akamwachia msomaji kupima.

Mtazamo huo ulikuwa adimu kwa wakati wake. Maandishi mengi kuhusu jamii za Afrika Mashariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 yalitoka kwa maofisa wa kikoloni, wasafiri na wamisionari, ambao walitazama kutoka nje na mara nyingi walitafuta ya kushangaza au ya kusahihisha. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alichapisha kitabu chake kuhusu Wagikuyu kwa Kiingereza, akiwajibu wageni kwa lugha yao. Kitereza hakuwa akimjibu mgeni yeyote. Alizungumza na watoto wa kisiwani kwake, kwa lugha waliyoinyonya kwa mama zao.

Katika fasihi ya Kiswahili nako njia yake ilikuwa tofauti. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa wa zama hizo, alijenga nchi za kufikirika katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, na katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, ili kufundisha haki na maadili. Chinua Achebe wa Nigeria alichapisha riwaya yake mashuhuri kuhusu kijiji cha Waigbo mwaka 1958, na dunia ikamtambua kuwa mmoja wa Waafrika waliosimulia jamii zao kutoka ndani. Mswada wa Kitereza ulikuwa umekamilika miaka 13 kabla ya hapo. Haukujulikana kwa sababu haukuwa umechapishwa.

Miaka 35 ya kusubiri

Padri Simard alikusudia kuitafsiri riwaya hiyo kwa Kifaransa ili ipate mchapishaji. Alikwenda nayo Kanada, lakini alifariki dunia kabla tafsiri haijakamilika, na tumaini la kwanza likaishia hapo. Tanganyika ikapata Uhuru mwaka 1961, Muungano ukazaliwa mwaka 1964, na maandishi yale yakaendelea kukaa bila msomaji.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria kutoka Marekani, Gerald Hartwig, alifika Ukerewe kufanya utafiti akiwa na mkewe, Charlotte. Walimkuta Kitereza, wakauona mswada na kutambua thamani yake. Mwaka 1972 waliandika makala iliyolitambulisha jina lake katika vyuo vikuu vya nje. Juhudi za kumtafutia mchapishaji zikagonga mwamba uleule: wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache mno kuweza kubeba gharama za kitabu kikubwa namna ile. Ushauri ukawa kwamba kazi itafsiriwe kwa Kiswahili.

Wakati huo Kitereza alikuwa amepita miaka 70 na viungo vyake vimekakamaa kwa maradhi. Kwa hali hiyo aliketi na kuitafsiri mwenyewe kazi nzima, ukurasa kwa ukurasa. Kiswahili chake kimebeba harufu ya Kikerewe, na majina mengi ya vitu, mimea na vyeo aliyaacha kama yalivyo, kwa kuwa kuyabadilisha kungekuwa kupoteza kile alichotaka kukilinda.

Shirika la uchapishaji la Tanzania Publishing House, lililokuwa mali ya umma, lilikubali kuichapisha. Juzuu hizo mbili zilitolewa mwaka 1980. Kitereza alifariki dunia mwaka 1981, akiwa na umri wa takriban miaka 85, kabla nakala zilizochapwa hazijamfikia mikononi.

Kazi iliyosafiri baada ya mwandishi

Baada ya kifo chake, riwaya hiyo ilikwenda mbali. Profesa Wilhelm Möhlig aliitafsiri kwa Kijerumani, na juzuu zake zikatoka mwaka 1991 na 1993. Tafsiri ya Kifaransa ilifuata mwaka 1996 na 1999. Mwaka 2002 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilichapisha tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mhadhiri wa fasihi ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe, na aliyeitafsiri moja kwa moja kutoka Kikerewe.

Kisiwa hichohicho kilitoa mwandishi mwingine mashuhuri wa uhalisia, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki dunia mwaka 2020. Riwaya yake ya Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilieleza kwa uwazi maisha ya binti wa Ukerewe katika zama za shule, miji na malezi yaliyoyumba, na kwa kipindi fulani ilizuiwa shuleni. Mtu akisoma kazi za wawili hawa kwa pamoja, anaiona jamii moja kabla na baada ya mabadiliko makubwa. Ni jamii chache nchini zilizobahatika kuwa na picha mbili za aina hiyo, zote zikiwa zimechorwa na wenyeji wenyewe.

Somo kwa nyanda za juu za Kigoma

Waha wa Munanila, Heru, Muhambwe na Buyungu wanazo habari nyingi za kulinganishwa na zile za Ukerewe. Zipo salamu zao ndefu zinazoambatana na kupiga makofi kwa heshima, migomba na pombe yake, ng'ombe wenye pembe ndefu, na utawala wa Mwami. Mwandishi mkweli hataishia kwenye mambo ya kupendeza. Ataeleza pia uhusiano wa mwenye ng'ombe na mwenye jembe uliojulikana kama ubugabire, pamoja na faida na machungu yake. Ataeleza kuhamishwa kwa watu kwa sababu ya malale katika miaka ya 1930, safari za vijana waliokwenda kukata mkonge Tanga wakiwa manamba, na ujirani wa vijiji vya mpakani na wakimbizi kutoka Burundi.

Lugha ya Kiha haijakosa watafiti. Mwaka 2004, kwa mfano, mtafiti kutoka Finland, Lotta Harjula, alichapisha kitabu cha sarufi yake pamoja na msamiati. Hata hivyo, sarufi hueleza namna neno linavyojengwa, wala haiwezi kueleza bibi wa Munanila alijisikiaje siku aliyopokea habari kwamba mwanawe hatarudi kutoka mashambani Tanga. Habari ya namna hiyo inahitaji mwenyeji mwenye masikio na kalamu.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inatambua kuwa lugha za jamii ni hazina ya Taifa na chemchemi ya kukuza Kiswahili, na inahimiza zitafitiwe, zihifadhiwe na kutafsiriwa. Kwa upande wa Kiswahili, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwezi Aprili 2023, riwaya na ushairi zikiwa miongoni mwa nyanja zake. Njia aliyoipita Kitereza akiwa peke yake, ya kuandika kwa lugha ya nyumbani kisha kufikisha kwa Taifa kwa Kiswahili, sasa ina milango zaidi ya kubisha.

Kilichobaki ni muda. Kitereza alifaulu kwa sababu aliwasikiliza wazee alipokuwa kijana, na akaishi miaka ya kutosha kuitafsiri kazi yake kwa mkono wake. Si kila mwandishi hujaliwa uzee mrefu kama huo, na wazee wanaokumbuka maisha ya Buha kabla ya barabara na shule wanazidi kupungua. Mwanafunzi wa sekondari wa Munanila anayerudi nyumbani likizo na daftari tupu anaweza kuanza na swali moja kwa bibi yake, akaandika jibu kwa Kiha jinsi lilivyotamkwa, bila kulipamba.